Akina Baba Walio Mbali: Nani Analea Boma la Wasso?

Basi la alfajiri linalotoka Wasso kwenda Arusha hubeba, miongoni mwa abiria wake, wagonjwa waliopewa rufaa na wanaume wanaokwenda kutafuta. Wagonjwa hupewa tarehe ya kurudi kliniki. Wanaokwenda kutafuta hawapewi tarehe na mtu, na wao wenyewe hawaitaji.

Ukiuliza kwenye banda la chai kama safari hizo zinajenga familia au zinaibomoa, utapata majibu mawili yanayogongana, na kila moja litakuwa na ushahidi wake. Mmoja atakuonyesha nyumba ya bati iliyosimama kwa mshahara wa ulinzi wa Dar es Salaam. Mwingine atakuelekeza kwenye boma ambako mama hawezi kuuza hata mbuzi ili mtoto apelekwe hospitali, kwa kuwa mwenye mali hapatikani kwenye simu. Tangu Juni 2022, familia za kwanza kutoka Ngorongoro zilipopandishwa magari kwenda Msomera, mjadala umechafuka zaidi. Watu wanabishana kuhusu kuhama kana kwamba wote wanazungumzia jambo moja.

Hawazungumzii jambo moja.

Neno moja, safari nne

Safari ya kwanza ni ya kijana mwenye mke na mtoto au wawili anayekwenda Arusha, Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi kulinda, kusuka nywele, kuuza ndala za tairi na shanga, au kutembeza dawa za miti shamba. Familia yake inabaki kwenye boma la baba yake. Huyu ndiye mhamaji anayezungumziwa zaidi, na ndiye atakayechukua sehemu kubwa ya uchambuzi huu.

Ya pili ni ya kaya nzima kutoka tarafa ya Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, takriban kilomita 600 kutoka nyumbani. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Wasso iko tarafa ya Loliondo, nje ya Hifadhi ya Ngorongoro, na mgogoro wake mkubwa ulihusu kilomita za mraba 1,500 zilizowekewa vigingi mwaka 2022 na kuwa Pori la Akiba la Pololeti. Uhamisho wa Msomera ulilenga wakazi wa ndani ya hifadhi, yaani Endulen, Nainokanoka, Olbalbal na jirani zake. Tarafa hizi mbili ziko wilaya moja, lakini matatizo yake ya mwaka 2022 yalikuwa mawili.

Ya tatu ni ya kuvuka mpaka. Mstari ulionyooshwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwaacha Wapurko na Waloita pande zote mbili, na hadi leo baba wa Loliondo anaweza kuwa na shemeji, ng'ombe na hata mke upande wa Narok. Juni 2022, wakati wa vurugu za vigingi ambapo askari polisi mmoja aliuawa na wananchi wakajeruhiwa, kuna familia zilizokimbilia huko. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia uhuru wa watu kutembea na kufanya kazi. Ila mtoto anapoandikishwa shule ng'ambo, mwalimu anaomba cheti cha kuzaliwa na haangalii itifaki.

Ya nne husahaulika kabisa: ya wanaokuja Wasso. Mwalimu wa Mwanza, muuguzi wa Moshi, askari wa Iringa, wote wanapangiwa kituo wilayani na wengine huacha mke na watoto walikotoka. Serikali ina utaratibu wa uhamisho wa kumfuata mwenza, na wanaoutumia wanajua jinsi barua zinavyokawia. Kwa hiyo Wasso inapoteza akina baba na inapokea akina baba walioacha watoto kwingine. Mwalimu anayelalamika darasani kwamba wazazi wa kiume hawaji kwenye kikao cha shule huenda naye hajahudhuria kikao cha shule ya mwanawe.

Kwa nini aondoke

Sababu ya kwanza ni hesabu ya watu na ng'ombe. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta wilaya ya Ngorongoro na watu 174,278. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 273,549. Ndani ya hifadhi, serikali husema wakazi walikuwa kama 8,000 ilipoanzishwa mwaka 1959 na sasa wamepita 100,000. Wamaasai wanapinga jinsi takwimu hizo zinavyotumiwa kuwahukumu, na wana hoja, kwa sababu waliotolewa Serengeti mwaka huohuo wa 1959 walihesabiwa kama wageni wa Ngorongoro ilhali waliahidiwa kuwa ndipo pao. Hata hivyo pande zote mbili zinakubali kwamba watu wameongezeka huku ng'ombe wakibaki palepale, na mgawo wa ng'ombe kwa kila mdomo umepungua mno.

Mfugaji aliyepungukiwa ng'ombe kwa kawaida hulima. Ndani ya hifadhi njia hiyo imefungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka: kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikapigwa marufuku tena mwaka 2009, mwaka uleule ukame mkali uliua mifugo kaskazini yote. Tangu hapo mahindi ya boma la Ngorongoro yanapanda mlima kutoka Karatu, na yanalipiwa taslimu. Loliondo kilimo kipo, lakini malisho ya kiangazi yamebanwa na mipaka mipya. Familia inayonunua unga kila wiki inahitaji mtu mwenye fedha kila mwezi, na ng'ombe hatoi mshahara.

Kisha kuna shule. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na mwaka 2022 ikapanuliwa hadi kidato cha tano na cha sita. Ada ikaondoka, sare, daftari, chakula cha mchana na nauli ya bweni vikabaki. Baba aliyekuwa akiuza dume mmoja kwa mwaka sasa anaulizwa fedha Januari, Machi na Julai. Ajabu ni kwamba shule, ambayo wengi huilaumu kwa kuwatoa vijana kwenye mifugo, ndiyo inayowafukuza pia wazazi wao kwenda kuitafutia michango.

Kutokuwepo si jambo geni

Wanaolaani uhamaji huzungumza kana kwamba baba wa zamani alikaa nyumbani jioni akiwasimulia watoto hadithi. Hakukaa. Kiangazi kilipokaza, wanaume na vijana walihamia ronjo, kambi ya muda ya malisho, wakaacha wazee, akina mama na watoto wadogo kwenye engang, yaani boma lenyewe. Miezi miwili au mitatu ilipita bila mtoto kumwona baba. Morani waliishi kwa taratibu za rika lao. Mtoto alikuwa na baba wengi: baba mzazi, baba mkubwa, baba mdogo, na kila mzee wa rika la baba yake, ambaye alikuwa na haki ya kumkanya na wajibu wa kumlisha. Kiswahili chenyewe kinajua hilo. Ndiyo maana kaka wa baba anaitwa baba.

Kilichobadilika ni vitu viwili. Ronjo ilikuwa na kalenda, yaani mvua ikinyesha, watu hurudi. Kazi ya ulinzi haina mvua. Na ronjo iliondoka pamoja na mali: aliyekuwa mbali alikuwa mbali na ng'ombe wake, akiamua juu yao papo hapo, huku mama wa nyumbani akiwa na ng'ombe wa maziwa waliogawiwa nyumba yake. Leo baba yuko Kariakoo, ng'ombe wako Loliondo, na uamuzi umebaki hewani katikati.

Hoja ya wanaosema pesa inalea

Upande huu una nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Kabla Vodacom haijaleta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, mshahara wa mlinzi ulirudi nyumbani kwa mkono wa mtu anayesafiri, ukachelewa, ukapungua njiani, wakati mwingine ukapotea kabisa. Sasa unatumwa saa mbili usiku pamoja na hela ya kutolea, na asubuhi unga umenunuliwa. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, kilio chake kilisikika zaidi kwenye maboma ya aina hii, ambako fedha ndogo ndogo zinatumwa mara nyingi. Kwa mtu wa namna hii, ile tozo ilikuwa kodi ya kulea.

Fedha hizo pia hurudisha ng'ombe. Mlinzi mwenye nidhamu hununua mtamba kila anapoweza, na mdogo wake humchungia. Wanataaluma waliochunguza maisha ya Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania, J. Terrence McCabe na wenzake, wametetea kwa muda mrefu hoja kwamba kulima na kwenda mjini kwa watu wengi ni mbinu ya kubaki wafugaji. Anayeondoka anaondoka ili boma lisiondoke.

Udhaifu unaanzia kwenye mshahara wenyewe. Mwaka 2007 Ann May na Frances Ndipapa Ole Ikayo, katika utafiti wao kuhusu vibarua wa Kimaasai mijini, waliandika jinsi taswira ya shujaa mwenye rungu inavyomfungulia kijana mlango wa ulinzi na papo hapo kumfanya aonekane mshamba. Taswira hiyo humpa kazi, lakini si malipo mazuri. Mwajiri wa mjini humlipa mtu mmoja anayelala chumba kimoja na wenzake wanne. Gharama ya kumzaa, kumnyonyesha, kumtibu na kumsomesha mtoto wake inabebwa na boma. Kwa maneno mengine, boma la Loliondo linaruzuku geti la Masaki.

Tanganyika ilishawahi kuuona mpango huu. Manamba waliotoka Kigoma, Njombe na Songea kwenda kukata mkonge Tanga chini ya ukoloni walilipwa ujira wa kapera, na mashamba ya wake zao ndiyo yaliyolisha watoto. Wakoloni walijua walichokuwa wanafanya. Inachekesha kidogo, kama si kuudhi, kwamba mkoa uleule wa Tanga ndio uliopangiwa kuwapokea Wamaasai wa Ngorongoro.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi, na hauhusu fedha. Methali inasema asiyekuwapo na lake halipo. Kwenye boma mambo ni kinyume: baba hayupo, lakini lake lipo, nalo limefungiwa kufuli. Mama ana haki ya maziwa. Haki ya kuuza ni ya mume, na mume akiwa mbali inashikwa na baba mkwe au shemeji. Mtoto akiugua usiku, akapelekwa Hospitali ya Wasso (iliyoanzishwa na padri daktari Herbert Watschinger kutoka Austria miaka ya 1960 na kwa miaka mingi ikawa hospitali teule ya wilaya), kisha akahitaji kwenda Arusha, swali la kwanza ni nauli na la pili ni ruhusa. Simu ikiwa imezimwa, kwa sababu mlinzi wa usiku hulala mchana, mtoto anasubiri baba yake aamke.

Watu husema hiyo ni mila. Ni nusu ya ukweli. Dorothy Hodgson, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Wamaasai wa Tanzania, alionyesha jinsi serikali ya kikoloni ilivyomfanya mwanamume kuwa mkuu wa kaya, mlipa kodi na mmiliki pekee wa mifugo, mahali ambapo awali haki za mume na za mke juu ya ng'ombe zilipishana. Kufuli hilo, basi, lina mkono wa bwana shauri ndani yake.

Na mtoto mwenyewe anaumia kiasi gani? Hakuna jibu moja, na mifano ya mbali inasaidia kuondoa ushabiki. Utafiti wa CHAMPSEA uliofanywa mwaka 2008 katika nchi nne za Asia ya Kusini-Mashariki ulikuta kwamba watoto wa akina baba wahamaji wa Indonesia na Thailand walikuwa na shida zaidi za kisaikolojia kuliko wenzao waliokaa na wazazi wote. Ufilipino na Vietnam tofauti hiyo haikuonekana. Umbali ni uleule, matokeo tofauti. Maana yake kinachoamua kiko nyumbani, kwa aliyebaki.

Hoja ya wanaosema twende wote

Kuna wanaochukua mke na watoto. Wanapata faida ambayo hakuna awezaye kuibeza: mtoto anamjua baba yake, shule iko jirani, na mke anaweza kufanya biashara ya shanga au maziwa. Mtoto wa Wasso anaanza darasa la kwanza akisikia Kiswahili kama lugha ya ugenini, wakati wa Dar es Salaam anaanza akiwa anakiota.

Bei ya Kiswahili hicho ni Kimaa. Baada ya miaka mitano mjini, mtoto anarudi likizo na bibi yake anazungumza naye kwa mkalimani. Kwa baadhi ya watu hilo ni jambo la kusikitisha tu. Kwa familia ya wafugaji ni pigo la uchumi. Mifugo, malisho na msaada wa wakati wa njaa hupita kwenye undugu na kwenye osotua, lile fungamano la kuombana na kupeana lisilodaiwa, na yote hayo husemwa kwa Kimaa. Mtoto asiyeweza kuomba kwa lugha ya ndugu zake amepunguziwa urithi.

Halafu kuna kodi ya nyumba, ambayo kwa mshahara wa getini inameza nusu ya hoja nzima. Familia ya mtu mmoja wa mshahara, katika chumba kimoja cha uswahilini, bila babu, bila shangazi, bila ng'ombe wa maziwa, inageuka kutoka maskini mwenye mali kuwa maskini mtupu. Baba anayelinda usiku na kulala mchana katika chumba hicho yupo na hayupo. Watoto wanafundishwa kunyamaza mpaka jioni ili mzee apumzike. Njia hii inawafaa wachache: walio na mkataba, waliojenga, au wafanyabiashara wenye duka. Karatu imekuwa njia ya kati kwa baadhi yao, kwa maana ya kiwanja karibu na barabara ya lami, shule na hospitali, na mifugo ikiwa safari ya saa chache tu. Huko wanaishi na Wairaqw wanaolima na kuendesha magari ya watalii, na watoto wanakua na lugha tatu.

Msomera: boma zima lilipopanda gari

Serikali inasema uhamisho huu ni wa hiari, na kwa mtazamo wa ulezi una hoja inayostahili kusikilizwa: badala ya kumtoa baba peke yake, unaitoa familia yote pamoja. Kila kaya iliahidiwa nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja cha ekari 2.5, shamba la ekari 5, na huduma za shule, zahanati, maji na umeme. Nyumba nyingine zilipangwa Saunyi na Kitwai. Baba aliyezuiwa kulima Endulen sasa ana shamba lenye hati. Kwa kijana mwenye mke mmoja na watoto wawili, hii si zawadi ya kudharau.

Tatizo ni kwamba ramani ya nyumba ilichorwa kwa ajili ya familia ambayo haifanani na wengi waliopelekwa. Boma la Kimaasai halina nyumba ya baba. Kila mke hujenga enkaji yake, na baba huzunguka. Mwenye wake watatu akipewa nyumba ya vyumba vitatu, amepewa fumbo. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2024 ililalamikia jambo hilohilo, pamoja na ushirikishwaji hafifu wa wakazi. Baba wa namna hiyo ana njia mbili: kuwabana wote chini ya paa moja, au kupeleka nyumba moja Msomera na kuacha nyingine nyuma. Akifuata ya pili, mpango uliokusudiwa kuiweka familia pamoja umemfanya mhamaji mwenye miji miwili iliyotenganishwa na kilomita 600, na sasa nauli yake ni kubwa kuliko ya mlinzi wa Arusha.

Agosti 2024 maelfu ya wakazi waliandamana kwenye barabara ya Serengeti ndani ya hifadhi, na Desemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Kimaasai jijini Arusha. Mwanzoni mwa 2025 akaunda tume mbili, mojawapo ikihusu zoezi lenyewe la kuhama. Lolote litakaloamuliwa, mtu anayepanga makazi ya wafugaji anapaswa kuanza na swali la idadi ya nyumba za akina mama, si idadi ya wakuu wa kaya.

Na wanaosema baba arudi

Wapo wazee, wapo viongozi wa dini, na wapo akina mama waliochoka. Hoja yao ni fupi: mtoto wa kiume aliyekosa mtu mzima wa kumfuata nyuma ya ng'ombe anajifunza ubabe kwa wenzake, na mtoto wa kike anaolewa mapema kwa kuwa aliyepaswa kukataa hayupo. Pia vijana wakiondoka, uchungaji unawaangukia watoto wa shule ya msingi, na daftari la mahudhurio linaonyesha.

Haya ni kweli. Lakini wanaoyasema hawasemi unga utatoka wapi. Zaidi ya hapo, kuwapo kwa baba si dhamana: si kila msichana aliyeozwa akiwa darasa la sita alikosa baba, kwani mara nyingi baba ndiye aliyepokea ng'ombe. Hoja ya kurudi ina haki ya kusikika pale tu inapoambatana na malisho, maji na ruhusa ya kulima. Bila hivyo ni mahubiri.

Sheria inaona nini

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka baba kuwatunza watoto wake wawe mikononi mwake au mikononi mwa mtu mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaorodhesha matunzo hayo: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na hata uhuru wa kucheza. Mama aliyetelekezwa anaweza kwenda ustawi wa jamii na mahakamani kuomba amri ya matunzo. Kwa hiyo sheria inamwona baba aliyeacha kutuma. Haimwoni baba anayetuma kila mwezi na kuacha kufuli pale pale, kwa kuwa huyo, kisheria, ametimiza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inachekesha kwa masikitiko. Inampa baba siku 3 za likizo ya malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Dar es Salaam hadi Arusha kwa basi ni siku moja. Arusha hadi Wasso ni siku nyingine, hata baada ya kipande cha Wasso hadi Sale, kilomita 49, kuwekwa lami. Baba atafika, atamshika mtoto, atalala usiku mmoja, kisha ataripoti kazini akiwa amechelewa. Siku 28 za likizo ya mwaka zingesaidia zaidi, kama angekuwa na mkataba unaozitaja. Wengi wa walinzi wa majumbani wameajiriwa kwa mdomo.

Kupima

Ukiweka hoja hizi kwenye mizani, kwanza inaanguka ile inayosema baba akiwa mbali basi ulezi umekufa. Boma lilikuwa na baba wa mbali tangu enzi za ronjo na watoto walikua. Inafuata kuanguka ile inayosema fedha inatosha. Ingetosha, maboma yanayopokea fedha kila mwezi yasingekuwa na watoto wanaosubiri ruhusa ya shemeji ili watibiwe.

Kuhamia mjini na familia ni njia bora kwa wenye kipato cha uhakika na ni mtego kwa wengine. Msomera inaweza kuwa nafuu kwa familia ndogo na ni mgawanyiko kwa kubwa. Kwa familia ya kawaida ya Wasso, yenye mifugo michache, mke mmoja au wawili na baba asiye na ujuzi wa darasani, njia yenye hasara ndogo bado ni ile ya zamani: baba aende, mama na watoto wabaki karibu na ng'ombe, ndugu na lugha. Ila njia hiyo imekopa umbo la ronjo bila kukopa kanuni zake. Haina tarehe ya kurudi, na haimwachii aliyebaki nguvu ya kuamua.

Kanuni hizo zinaweza kurudishwa. Taasisi ya akina mama wafugaji ya Loliondo, Pastoral Women's Council, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Maanda Ngoitiko na wenzake, imeonyesha kwa zaidi ya miaka ishirini kwamba mwanamke wa Kimaasai kumiliki na kuuza mifugo hakuangushi boma. Waajiri wa mijini wanaweza kuandika mikataba na kuruhusu likizo ya mwaka ichukuliwe kwa mkupuo, katika miezi ambayo mfanyakazi anaijua mapema. Bunge linaweza kutazama upya zile siku 3 na kuuliza kama aliyezipanga aliwahi kupanda basi la Wasso.

Kuna hatua moja, hata hivyo, ambayo haihitaji Bunge, tume wala mfadhili. Kabla ya kupanda basi, baba amwite mkewe, mdogo wake na mwenyekiti wa kitongoji, aonyeshe kwa kidole mbuzi na ng'ombe ambao mama anaweza kuwauza kwa ajili ya mtoto bila kumpigia mtu simu, na ataje mwezi atakaorudi. Iandikwe kwenye daftari, waweke saini au dole gumba, na daftari libaki kwa mama.